Dungu Lisilo na Mpunga

Dungu lilikuwa limelala kifudifudi katikati ya jaruba lililokwisha kuvunwa, miguu miwili juu, kama mlevi aliyeanguka akiwa bado ana la kusema.

Sajenti Stumai alilizunguka polepole bila kugusa kitu. Konstebo Omega alilizunguka nyuma yake, naye bila kugusa kitu isipokuwa kinyesi cha ng'ombe, ambacho alikikanyaga kwa kiatu cha kushoto na kukikodolea macho kwa heshima inayostahili ushahidi.

"Wafugaji, Afande," alisema.

"Wamefanya nini?"

"Ng'ombe wamepita hapa. Ng'ombe wana wenyewe. Na wenyewe wana ugomvi na wakulima tangu hatujazaliwa."

"Mpunga umevunwa, Omega. Ng'ombe wameruhusiwa kuingia wale mabua. Halafu ng'ombe hafungui kamba."

Omega aliipokea hoja hiyo kwa masikitiko na kuanza kusugua kiatu kwenye nyasi.

Hadi jana jioni lile rundo la miti lilikuwa jukwaa refu lenye ngazi, sakafu ya fito na paa la nyasi, kama yale ambayo kila mkulima wa bonde la Kilombero huyasimamisha mpunga unapoanza kushika punje, mtu akae juu kuamia ndege kwa kelele na makopo. Hili lilisimamishwa na wanafunzi wa chuo kikuu, nyuma ya chuo chao, na jana jioni lilianguka na mwanafunzi mmoja juu yake. Anaitwa Anselim, mwaka wa pili wa udaktari. Mguu umevunjika, kifundo cha mkono kimetenguka. Alipofikishwa hospitali alimwambia daktari neno moja tu: "Nilijitupa."

Neno hilo ndilo lililomleta polisi shambani asubuhi. Sheria, ambayo haina mzaha, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kwa hiyo kijana mwenye plasta alikuwa ama majeruhi ama mtuhumiwa, na Stumai alitakiwa kujua ni yupi kabla ya mchana, maana mchana kamati ya Mfuko wa Utulivu ilikuwa inakaa na wafadhili wake.

Msichana mwenye fulana ya chuo alikuwa amesimama kwenye tuta la jaruba, amejikumbatia kana kwamba kuna baridi. Alikuwa Nelly, kiongozi wa mradi.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Hebu nieleze hiki kitu kilikuwa cha kazi gani. Eleza kama unamweleza mtu asiyejua."

"Afande si mwenyeji?"

"Mimi nimezaliwa Sanje, nimelala kwenye madungu hadi mgongo umepinda. Asiyejua ni huyu, ametoka Morogoro mjini."

Omega alisimama wima, kama mtu aliyetajwa kanisani.

"Mtoto anayeamia ndege anapiga kelele kutwa," Nelly alisema. "Jioni anashuka hana sauti, lakini mwepesi. Nikasema, hapa chuoni tuna watu wazima wamebeba mambo na hawana pa kuyapigia kelele. Ukipiga kelele bwenini wanaita mlinzi. Mfuko ulipotangaza kwamba utagharamia miradi ya kusaidia wanafunzi wenye msongo, tukajenga dungu. Mtu anapanda peke yake, anasema anachotaka kwa sauti anayotaka. Sisi wengine tunabaki kule kwenye kantini. Sheria yetu ni moja, hakuna kusikiliza. Yanayosemwa juu ni ya ndege."

"Na watu wanapanda?"

"Wiki ya mitihani wanapanga foleni, Afande."

"Jana?"

"Anselim alikuwa wa mwisho. Tukasikia kishindo. Nilipofika nilimkuta chini, peke yake, amefumba macho."

"Paa lilitoka lini?"

Nelly alitazama rundo la miti, kisha akatazama tuta la upande wa pili. Nyasi za paa zilikuwa pale, zimefungwa matita, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja.

"Nilikuwa nimetangaza tutaezeka upya kabla kamati haijaja. Jana mchana nilipoona halipo, nikajua wenzangu wameanza."

"Nani alianza?"

"Nimewauliza wote leo. Kila mmoja alidhani ni mwenzake."

Stumai alichutama kwenye nguzo iliyobaki imesimama. Mahali ambapo mti wa sakafu ulikuwa umefungwa palikuwa na mkanda mweupe kwenye gome, pale kamba ya katani ilipokuwa imekaa msimu mzima. Hapakuwa na alama ya panga wala uzi uliokatika. Kwenye nguzo ya pili, hali ni hiyo hiyo. Kwenye ya tatu kamba ilikuwepo, imekaza vizuri kabisa.

"Omega. Ukitaka mtu aanguke, unafanyaje?"

"Nakata kamba, Afande. Nakata nusu, nusu naiacha."

"Umejibu haraka mno, lakini sawa. Huyu hakukata. Amefungua fundo, tena mafundo ya katani iliyolowa mvua ikakauka, ambayo yanang'oa kucha. Kwa nini ajitese?"

"Alikuwa na muda."

"Alitaka kamba yenyewe, ikiwa nzima. Na kabla ya kamba alishusha nyasi akazifunga matita. Anayetaka kumwangusha mtu hafungi matita."

Omega alikuwa ameinama kwenye shina la mpunga. Alipoinuka alikuwa ameshika funguo mbili kwenye kibao cha mbao. Kwenye kibao pameandikwa kwa rangi ya bluu: UKIMYA.

Nelly alizitambua kabla hajaulizwa. "Ni za Nickolaus."

"Ni nani?"

"Mwenye mradi wa Chumba cha Ukimya. Tumebaki wawili, mimi na yeye. Kamati itachagua mmoja."

Omega alimtazama sajenti wake kwa uso wa mtu ambaye ameshamaliza kazi na anasubiri chai.

Kabla hajajibiwa, mwanamke mwenye viatu vyeupe alikuwa akija juu ya tuta, hatua moja moja, kama anayevuka daraja la kamba. Alikuwa Dokta Natalia, mlezi wa wanafunzi na mwenyekiti wa kamati. Alimsalimia Stumai, akamruka Nelly.

"Sajenti, nitasema wazi. Wafadhili wako njiani. Wakisikia mwanafunzi amejitupa kutoka kwenye mradi wa afya ya akili, wanaondoka na mfuko wote, na chuo hiki hakitapata tena mshauri hata mmoja wala chumba. Wakisikia kuna hujuma, wataondoka vilevile."

"Unataka wasikie nini?"

"Ujenzi mbovu. Ni ajali. Inasikitisha, ina mwisho."

"Na aliyejenga?"

Dokta Natalia alimtazama Nelly kwa mara ya kwanza. "Aliyejenga bila fundi atawajibika. Kanuni za chuo zinasema aondolewe."

Nelly alijikumbatia zaidi.

"Dokta," Stumai alisema, "nipe hadi kamati ikae. Na tafadhali rudi kwa kupitia huku, huko umekanyaga nyayo zangu."

*

Anselim alikuwa amelala kwenye chumba kidogo mwisho wa wodi, mguu umeinuliwa. Askari aliyewekwa mlangoni alikuwa amekaa kwenye kiti pekee cha wageni, kwa hiyo hakuna mgeni aliyeweza kukaa.

"Nyumbani wamekuja?" Stumai alimuuliza muuguzi.

"Shangazi yake ameleta uji. Baba yake mdogo, anayeishi naye, hajafika. Nimeshangaa. Akilazwa mtu hata wa jirani, yule mzee huwa wa kwanza, sembuse huyu anayemwita Daktari tangu anasoma msingi."

Anselim aligeuza uso kuelekea ukutani.

"Anselim, mimi ni Sajenti Stumai. Umesema ulijitupa."

"Ndiyo, Afande."

"Nioneshe mikono."

Hakutaka. Stumai alisubiri hadi akaitoa chini ya shuka. Viganja vilikuwa vimechunika hadi kwenye vidole, na chini ya kucha mbili palikuwa na vibanzi vya mti.

"Anayejitupa anaachia," Stumai alisema. "Wewe uling'ang'ania mpaka mti ukakuchuna. Halafu dungu lilianguka nawe. Mtu akijitupa kutoka kwenye dari, dari inabaki."

"Andika nilivyosema."

"Nitaandika. Na chini yake nitaandika kwamba ni uongo. Unamficha nani?"

Muuguzi alikuwa ameingia na sinia. Daktari alitaka damu ya kupima. Alifunga mpira kwenye mkono wa Anselim, akachoma, na bomba likaanza kujaa. Anselim alitazama mara moja. Macho yalimpanda juu na kichwa kikaangukia kwenye mto wa kulalia kama embe bovu.

"Huyu ndiye atakuwa daktari wetu," muuguzi alisema, bila ukali, akimpiga mashavu taratibu.

Alipozinduka kitu cha kwanza alichokitafuta ni mkono wa Stumai.

"Afande. Nyumbani wasijue."

"Wasijue nini?"

"Hili la damu. Hakuna anayejua. Hata Nelly. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia, akanijibu." Alifumba macho. "Naomba."

Stumai alimwahidi. Ahadi hiyo haikumgharimu chochote wakati ule.

*

Chumba cha Ukimya kilikuwa chumba cha zamani cha kuhifadhia viti. Kilikuwa na mikeka, mapazia ya kijani na kibao mlangoni kinachokataza mtu kusema. Wanafunzi wanne walikuwa wamekaa ndani wamefumba macho. Nickolaus, kijana mwembamba mwenye miwani, alikataa katakata kuwatoa.

"Wamekuja kupumzika," alinong'ona. "Siyo poa kuwavuruga, Afande."

Kwa hiyo mahojiano rasmi ya mtuhumiwa pekee yalifanyika kwa kunong'ona kwenye kona, askari wawili wamechuchumaa.

"Funguo zako," Stumai alinong'ona, akazinyanyua.

"Zimepatikana wapi?"

"Unajua zimepatikana wapi."

Nickolaus alitazama watu wake wanne, akasogea karibu. "Naomba isifike kwenye kamati."

"Inategemea ni nini."

"Huwa napanda."

"Unapanda nini?" Omega alinong'ona kwa nguvu mno. Mtu mmoja mkekani alifumbua jicho.

"Dungu. Alfajiri, kabla hawajaamka. Kila siku nakaa humu kutwa nzima sisemi, Afande. Ukimya unachosha." Alivua miwani akaifuta. "Juzi nilipanda, nikapiga kelele hadi nikakohoa. Funguo zikadondoka. Mradi wangu ukifahamika kwamba mwenyewe anakwenda kujitibu kwa mpinzani, nimekwisha."

Stumai alilazimika kutazama mapazia kwa muda.

"Juzi paa lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Jana baada ya chakula cha mchana nilirudi kutafuta funguo. Paa lilikuwa chini, nyasi zimepangwa. Kulikuwa na baiskeli imeegemezwa kwenye tuta, kiti chake kimevishwa kitenge cha njano. Mwenye baiskeli sikumwona. Nikaogopa kuonekana, nikaondoka."

"Ulimwambia nani?"

"Ningeanzaje? Ningesema nilikuwa pale nafanya nini?"

Walipotoka nje Omega alivuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. "Anadanganya, Afande."

"Anayedanganya huchagua uongo unaompa heshima. Huyu amechagua aibu. Mpigie Nelly, muulize jaruba la jirani na dungu ni la nani."

Omega alipiga. Alisikiliza, akashusha simu taratibu.

"La Mzee Ildefonce wa Kibaoni. Baba mdogo wa Anselim."

*

Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba, kitenge cha njano kwenye kiti, mchana kweupe. Uani kulikuwa na turubai limeanikwa mpunga, na mzee wa miaka kama sitini alikuwa akiugeuza kwa miguu, anavuta unyayo mmoja kisha mwingine, mistari imenyooka. Alipowaona askari hakusimama. Alimaliza mstari.

"Shikamoo, Mzee," Stumai alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Daktari wangu anaendeleaje?"

"Ana maumivu. Hujakwenda kumwona."

"Mpunga huu ukinyeshewa unaota."

Stumai alitazama juu. Anga lilikuwa tupu kutoka milima ya Udzungwa hadi upande wa mto. Ildefonce naye alitazama, kwa adabu.

Mkewe alileta viti. Omega alikataa kukaa, akasimama karibu na baiskeli, mkono mmoja kwenye kiti cha njano, kana kwamba itakimbia.

"Mzee, kijana amesema alijitupa mwenyewe," Stumai alisema. "Akishikilia neno hilo, akipona mguu anakwenda mahakamani. Chuo nacho kinamwondoa."

Unyayo wa mzee ulisimama juu ya mpunga.

"Nani amesema amejitupa?"

"Yeye."

"Hajajitupa. Yule hawezi. Mtu anayezimia akiona tone la damu la kuku, ataitafutaje ya kwake?"

Kuku mmoja, kana kwamba ametajwa kwa jina, alipanda kwenye turubai na hakuna aliyemfukuza.

"Nani alikwambia anazimia akiona damu?" Stumai aliuliza.

"Ni mtoto wangu. Nimemlea tangu marehemu kaka alipofariki. Namjua."

"Nami nasema ulijua jana jioni. Tangu anasoma msingi unamwita Daktari. Leo hii, nilipoingia, umemwita Daktari. Ungekuwa unajua siku zote kwamba damu inamwangusha, ungemwita hivyo? Mtoto huyo aliniambia leo kwamba hajawahi kumwambia mtu yeyote akamjibu. Amelisemea mahali pamoja tu, nadhani, na walioambiwa ni ndege."

Ildefonce alishuka kwenye turubai. Alivaa kandambili zake, moja, ya pili, kisha akakaa kwenye kiti kimoja walicholetewa wageni. Alitazama miguu yake yenye vumbi la makapi.

"Kamba ziko chumbani," alisema.

Omega aliingia na kurudi na mikunjo miwili ya katani, imekunjwa vizuri kama bidhaa ya dukani.

"Kwa nini, Mzee?"

"Kwani unatoka wapi, mwanangu?"

"Sanje."

"Basi unajua. Mpunga ukiisha, dungu ni la nani?"

Stumai alijua. Alijua tangu alipoona matita ya nyasi, ila alikuwa anajikatalia kwa kuwa halikufanana na kesi. "La anayefika kwanza."

"Afande?" Omega alisema.

"Ndiyo desturi huku, Omega. Jaruba likishavunwa, dungu halina mwenyewe. Huombi. Unashusha nyasi, unafungua kamba, unabeba miti, inakuwa kuni au zizi la mbuzi. Mwaka kesho mwingine anabeba la kwako."

"Nami la kwangu lilikwenda juma lililopita," Ildefonce alisema. "Nilisikia limefika Chita, kwa treni. Sikununa. Nikaliona la chuo. Mpunga umevunwa, ndege hakuna, linakaa bure. Sikujua kuna watu wanaamia vitu visivyoonekana."

"Ulifungua kamba mbili."

"Nilifungua mbili, nikazipeleka baiskelini. Kiu ikanishika, nikaja nyumbani kunywa maji, nikakaa kidogo. Jioni nikarudi kumalizia. Nilipofika kwenye kichuguu nikasikia kuna mtu juu. Nilitaka kuita. Wallahi, mdomo nilishaufungua, mimi Mkristo naapa hivyo. Halafu akataja jina langu."

"Ukanyamaza."

"Miaka yote yule mtoto kwangu anasema ndiyo, Baba. Asante, Baba. Nimeshiba, Baba. Sijawahi kusikia sauti yake ikipanda. Nikasema nisikie neno moja, kisha nitaita ashuke. Likaja la pili. Likaja la damu. Likaja la… Hayo mengine si ya polisi."

"Sitayauliza."

"Nilijua kamba hazipo. Kila neno lilipokuwa linatoka nilikuwa najua hazipo. Nikasema, hili likiisha. Basi akapiga mguu chini kwa hasira, na sakafu ikaenda."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kanga mdomoni.

"Nikamfikia. Akafumbua macho, akaona begani kwangu moja ya kamba hizo, niliyorudi nayo kufungia miti. Unajua alisema nini? Akasema, nenda, Baba, wanakuja. Nami nikaenda. Mtu mzima na mvi zangu, nikaenda."

Omega alikohoa. Alimvuta sajenti wake pembeni ya ukuta.

"Tunamkamata, Afande?"

"Kwa kuokota kuni?"

"Kwa kunyamaza."

Stumai alifikiri. Swali lilikuwa zuri, na hakupenda kwamba limetoka kwa Omega. "Maelezo yake nitayaandika yote, kunyamaza kukiwemo. Aliye juu yangu ataangalia kama kunyamaza kuna kifungu. Lakini kwamba mtoto alijitupa, hilo nalifuta leo."

Alimpigia Dokta Natalia. Nyuma ya sauti ya dokta kulikuwa na mlio wa vijiko na vikombe.

"Wameshafika, Sajenti. Wanakunywa chai. Nina dakika chache sana."

"Hakujitupa. Na kazi ya Nelly ilishika hadi ilipofunguliwa fundo kwa fundo. Nina kamba mkononi na nina aliyezifungua."

"Hujuma, basi."

"Hakuna hujuma. Kuna mkulima aliyeona dungu lisilo na mpunga akalichukua kama mababu zake walivyochukua. Kwa kijiji chote, ninyi mmeacha kuni shambani."

Vijiko viliendelea kugonga vikombe.

"Unataka nisimame mbele ya watu waliotoka mbali niwaambie kwamba mradi wa afya ya akili uliangushwa na desturi?"

"Nataka usimwondoe Nelly. Utakachowaambia ni kazi yako. Mkulima mwenyewe atakuja kueleza. Lakini kuna mahali inabidi apite kwanza."

"Sajenti." Sauti ilishuka. "Mmoja wao ameniuliza kama anaweza kupanda. Ana binti anayemsumbua."

"Mwambie tunasubiri lisimamishwe. Na safari hii wekeni kibao kwamba lina mwenyewe."

"Nelly atakiandika," dokta alisema, akakata.

*

Ildefonce alikwenda nao hospitali. Alikuwa amebadilisha shati, akavaa lile la kwenda kanisani, na kifungo cha juu alikuwa amekifunga kiasi kwamba shingo ilikuwa inapumua kwa taabu.

Mlangoni mwa chumba Stumai alimwambia askari aliyekaa kwenye kiti ainuke aende kula. Askari aliuliza kama mtuhumiwa ameachiwa. Stumai alimwambia mtuhumiwa hayupo, kuna mgonjwa.

Anselim alipomwona baba yake mdogo alijaribu kuinuka, mguu ukamkatalia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Ildefonce alibaki mlangoni. Alitazama plasta, akatazama vile viganja vilivyofungwa bandeji, akavua kofia ingawa hakuwa na kofia. Mkono ulipanda kichwani ukarudi mtupu.

"Umeandikisha kwamba ulijitupa," alisema.

"Ndiyo."

"Wangekufunga."

"Wangekufunga wewe."

"Mimi ni mzee. Wangenifunga wapi?" Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Nimewaambia yote. Huyu sajenti ameandika. Kwamba nilifungua. Kwamba nilikuwa chini."

Rangi ilimtoka kijana usoni, na safari hii hapakuwa na damu mahali popote. Alimtazama Stumai, kisha Omega, kama anayetafuta ni nani wa kumwambia si kweli.

"Ulikuwa chini muda wote?"

"Muda wote."

Kitanda kililia kidogo. Nje, mtu alikuwa anasukuma toroli la vyakula, masufuria yanagongana.

"Ulisikia hadi wapi, Baba?"

"Hadi ulipopiga mguu."

Anselim aliangalia dari.

"Basi hukufika mwisho," alisema.

Stumai alimshika Omega mkono wa shati akamtoa nje. Omega, ambaye tangu asubuhi alikuwa ametafuta kesi, aligeuza shingo hadi mlango ulipokuwa karibu kumbana pua, kwa hiyo ndiye aliyeona kwamba Ildefonce alikivuta kile kiti cha mlangoni hadi magoti yake yakagusa kitanda, akafungua kifungo cha juu cha shati.

"Malizia," mzee alisema.

Kijana alivuta pumzi. Alianza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeijaribu ngazi kabla hajaipanda.